Waya wa Rangi ya Chungwa: Fundi wa Arusha Ajue Nini Kabla ya Kushika Gari la Umeme

Mafundi wa Arusha huikata Land Cruiser, wakairefusha chesisi na kuifungia paa la kunyanyuka, ikatoka gereji kama imezaliwa hivyo. Sasa yapo magari ya utalii yaliyong'olewa injini ya dizeli na kufungwa mota ya umeme. Wanafunzi wangu wa ufundi magari huniuliza: si ni betri na mota tu, mwalimu? Hapana.

Kiwanda cha Volkswagen cha Zwickau, Ujerumani, kipo katika mji ulioanza kuunda magari zaidi ya miaka mia iliyopita. Kilianza kuunda ID.3 ya umeme Novemba 2019, na Juni 2020 likatoka gari lake la mwisho la injini ya mafuta. Wafanyakazi wapatao 8,000, wengine wazoefu wa miaka mingi, walirudishwa darasani.

Sababu ni volti. Betri ya kuwashia dizeli ni volti 12 au 24, na umeme wa nyumbani ni 230. Betri ya kuendeshea gari la umeme mara nyingi hufika 400, nao ni mkondo mnyoofu (DC), unaokwenda upande mmoja tu. Ndiyo maana waya zake ni za rangi ya chungwa. Hata ukizima gari, kapasita (vihifadhi chaji) za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, hubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Kata kwanza kiunganishi cha usalama, yaani plagi inayotenga betri hiyo kubwa, subiri muda aliouandika mtengenezaji, kisha pima kwa mita hadi isome sifuri, ukiwa umevaa glovu za kuhimili volti 1,000. Zijaze hewa kila mara kabla ya kuzivaa, zikivuja, tupa. Na tafadhali, ile testa ya bisibisi isitumike hapa. Imeundwa kwa umeme wa nyumbani, na taa yake isipowaka si uthibitisho kwamba uko salama.

Madereva nao wana lao. Kutoka ukingo wa Ngorongoro hadi chini ni takribani mita 600. Gari la tani 3 likiteremka hapo huachilia nishati ya karibu uniti 5, zilezile za LUKU. Kwenye dizeli nguvu hiyo huishia kuwa joto. Kwenye gari la umeme, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu yake kwenye betri. Lakini betri iliyojaa haipokei, na mzigo wote hurudi kwenye breki. Kwa hiyo dereva aliyelala hoteli ya ukingoni asichaji hadi asilimia 100 asubuhi ya kuteremka.