Mkato safi hautoki kwenye msasa

Mlango wa nakshi ukipigwa msasa mpaka ukateleza, watu husifu: "Mkato safi huo!" Kinachosifiwa hapo ni ulaini. Mkato safi ni ule ambao makali yamekata nyuzi za mbao bila kuzichana wala kuzisaga.

Tofauti hii inaonekana kwa macho. Kwenye mfaa, yaani ubao wa katikati, wa mlango wa Zanzibar au Lamu, ua linasomeka kwa sababu ya kivuli: ukingo wake ni mkali, na ukuta wake unashuka ghafla hadi chini palipochimbwa. Msasa hula ukingo huo kwanza, ua likabaki butu. Kwenye pembe hauingii vizuri, kwa hiyo nyuzi zilizochanika hubaki palepale, na ukipaka mafuta hunywa zaidi na kutoa madoa meusi. Tena chembe za msasa hujificha kwenye vitundu vya mbao na kuharibu makali ya patasi ukirudi kuchonga.

Usafi unaanzia kwenye mkato wa kwanza, ule wa kuzuia mpasuko usiingie kwenye ua. Simamisha patasi juu ya mstari wa ua, upande wake bapa ukitazama ua na upande ulionolewa ukitazama sehemu itakayotolewa. Laza mpini kidogo sana kuelekea ua, ili ukuta utanuke kadiri unavyoshuka. Ukilaza kinyume chake, utakata chini ya petali na itavunjika. Gonga hadi kina cha milimita 2 au 3, halafu ondoa mbao ya pembeni ukielekea kwenye mkato huo. Rudia. Anayetaka kufika milimita 10 kwa mpigo mmoja huigeuza patasi kuwa kabari, na petali nyembamba iliyokatiza nyuzi hubanduka nzima.

Kipande kikigoma kutoka, usikibenue. Kimeshikwa na nyuzi ambazo hazijakatika, na ukikilazimisha zitang'oka na kuacha shimo. Irudie pembe kwa ncha ya kisu mpaka mikato miwili ikutane, bila kupitiliza, maana mkato uliopita pembe hubaki kama kovu.

Mvule unahitaji subira zaidi. Nyuzi zake hupishana, hivyo upande uliokubali patasi sasa hivi unaweza kuchanika sentimita chache mbele. Ukiona mbao inaanza kuinuka, geuza upande wa kusukumia. Mti huo pia huwa na vijiwe vya chokaa ndani, na msaji (mtiki) una mchanga wake wa asili. Vyote hufanya makali yawe butu haraka. Noa kabla nyuzi hazijaanza kukuonyesha kwamba umechelewa.

Msasa una nafasi yake: mwishoni kabisa, kwenye fremu na nyuso bapa zisizo na nakshi. Ukuta wa petali ukiwa na manyoya, upitie tena kwa patasi iliyotoka kwenye kinoo, ukiparua unene wa karatasi tu.