Tumbo la mtoto mchanga limevimba: utumbo mgonjwa ni upi?

Katika ugonjwa wa Hirschsprung, sehemu ya utumbo hukosa neva, choo kikakwama na tumbo likavimba. Hizi hapa dhana potofu kuuhusu.

Dhana: Neva zote za utumbo huchipuka kwenye ubongo zikashuka kama waya za umeme.
Zipo zinazoshuka hivyo, ila nyingi ni wahamiaji. Kuanzia wiki ya 4 ya ujauzito, seli fulani hubanduka mgongoni mwa kiinitete, hasa upande wa shingo, zikaingia kwenye umio na kutambaa hadi njia ya haja kubwa. Safari huchukua takriban wiki 3, na utumbo wenyewe unazidi kurefuka. Kinachozivuta ni protini iitwayo GDNF, inayotolewa na kuta za utumbo. Seli huinusa kwa kipokezi kiitwacho RET na kuifuata, kama sisimizi na sukari.

Dhana: Kichochezi cha ukuaji, kama GDNF, ni mbolea tu.
Jina ndilo linalopotosha. GDNF huonyesha njia, huziongeza seli idadi na kuzizuia zisife. Mwaka 1996 watafiti waliripoti panya waliozaliwa bila jeni yake: chini ya mfuko wa chakula hawakuwa na neva za utumbo. Hata figo hawakuwa nazo, maana figo nazo hutegemea ishara hiyohiyo.

Dhana: Sehemu iliyovimba ndiyo mbovu.
Hapa hata madaktari walipotea kwa miongo mingi. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alieleza ugonjwa huu mwaka 1886, na jicho likabaki kwenye utumbo mpana uliotanuka. Kumbe ule una neva zake. Umetanuka kwa kusukuma mzigo kwenye mlango usiofunguka. Mbovu ni kile kipande chembamba cha mwisho, ambacho seli hazikukifikia. Bila neva hakiwezi kulegea. Mwaka 1948 Orvar Swenson, huko Marekani, alieleza upasuaji wa kukiondoa na kuunganisha utumbo wenye neva.

Dhana: Ni mchango tu, au mama alikula vibaya.
Hapana. Hupata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, na hitilafu inayoonekana zaidi iko kwenye jeni ya kile kipokezi, RET. Mtoto akimaliza saa 48 bila choo cheusi cha kwanza, tumbo likajaa na akatapika kijani, apelekwe hospitali, asinyweshwe dawa za mitishamba. Huko hukatwa kinyama kidogo karibu na njia ya haja kubwa, kikatazamwa kwa hadubini kama kina seli za neva.