Siku mkono unapogoma: mambo niliyojifunza kwenye picha za Tingatinga

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora huuliza karibu wote swali moja: "Mwalimu, hizi picha unazitoa wapi?" Nahisi wanangoja niwaambie habari za ndoto, au za matembezi ya jioni ufukweni. Huwa nawapa kitambaa kilichokwisha kupigwa kwenye fremu na kopo la rangi ya mafuta, wapake rangi ya chini. Picha ya nini? Hatujajua bado.

Wapo wanaodhani ninawakwepa. Sivyo. Uchoraji huu wa Tingatinga ulianza hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, mtu mzima aliyekwisha vuka miaka 30, hajakanyaga shule yoyote ya sanaa. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kuwekea dari, katika vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kwa 60, na rangi inayong'aa ya kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikuwa wakiishi. Mwaka 1972 Edward aliuawa kwa risasi ya polisi. Alichora miaka minne hivi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Mimi humtaja si kwa sababu ya umaarufu wake, bali kwa sababu ya vitu alivyokosa. Tazama picha zake: mnyama mmoja au wawili wamejaza mraba, nyuma rangi moja, mistari minene, madoa ya wazi. Rangi ya aina ile haikubali mambo mengi ya vivuli laini, na ubao ule haumpi mtu nafasi ya kutangatanga. Kwa hiyo yaliyobaki ni maamuzi machache: mnyama gani, shingo ikunjwe vipi ili aenee, madoa yaelekee wapi. Maamuzi machache mtu anaweza kuyafanya hata akiwa amechoka. Anayekaa mbele ya karatasi ya ukubwa wowote, mwenye rangi zote za dunia na ruhusa ya kuchora chochote, ana mambo mia ya kuamua kabla brashi haijalowa. Washairi wetu wa arudhi, wanaofuata kanuni za vina na mizani, wanalijua hili siku nyingi. Kina kikishagoma, akili hulazimika kutafuta neno ambalo isingelitafuta kwa hiari.

Kwa hiyo kijana akiniambia hana wazo, namwondolea vitu. Rangi tatu. Kiumbe mmoja. Lazima aguse pande zote nne za picha. Mara nyingi malalamiko huisha hapo, ingawa mengine mapya huanza.

Sasa nieleze habari ya kukauka, maana hili watu wa nje hawalioni. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukipaka ya chini leo, mnyama anasubiri kesho, na wakati wa masika huenda ukasubiri zaidi. Ukichora juu ya rangi mbichi, zote mbili zinakuwa tope. Ndiyo maana mchoraji wa Tingatinga huwa na picha kadhaa kwa wakati mmoja: hii ina rangi ya chini tu, ile ina umbo jeusi la twiga, ile nyingine inangoja vidoti. Ukikwama kwenye moja, unageukia jirani yake. Huku unachovya vidoti, jicho lako linapita kwenye ile yenye rangi ya chini, na ghafla ile buluu iliyofifia kuwa nyeupe inaonekana ni maji, na maji yanataka ndege korongo. Hilo wazo hukulifuata. Limekukuta kazini.

Hamu nayo naiona hivyo hivyo. Siku nyingi nafika kibandani sina hamu hata chembe. Nakata vitambaa, napiga fremu, nasafisha brashi. Ni kazi za mkono tu, hazihitaji kipaji, na aghalabu hamu huja nyuma yake. Isipokuja, basi angalau nina fremu za wiki nzima.

Tunalaumiwa kwamba tunarudia: pundamilia, twiga, Kilimanjaro, pundamilia tena. Lawama hiyo ina ukweli, soko la watalii limewaharibu wengi. Lakini kurudia kwenyewe si ugonjwa. Ukimchora pundamilia mara nyingi mno, mistari huacha kukushughulisha, na akili iliyochoka huanza kucheza: vipi nikimkunja kichwa huku? Vipi mistari ikiendelea mpaka kwenye nyasi? Kinachoua ni kurudia huku umeziba masikio usisikie huko kuchoka kwako.

Wachongaji wa Kimakonde wana kisa kinachosimuliwa sana juu ya Samaki Likankoa, aliyekuwa akichonga Dar es Salaam miaka ya 1950. Inasemekana kinyago chake cha mtu kilivunjika, na badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu jini, na mnunuzi akakipenda. Wanasema ndio mwanzo wa vinyago vya mashetani. Iwe ilitokea hivyo hasa au imepambwa na wasimulizi, jambo moja ni dhahiri: asiyekuwa na mti mkononi hana cha kuvunjikiwa.

Simu nazo? Nawakataza vijana kunakili picha za mtandaoni, na si kwa sababu za haki tu. Picha ya simu imeshaamuliwa na mtu mwingine, pembe na mwanga. Nenda soko la samaki pale Feri alfajiri, utazame pweza akimwagwa kwenye meza, kisha urudi uchore bila kuangalia chochote. Utakachosahau kilikuwa hakina kazi.

Na fedha zisionewe haya. Edward alichora ili auze, na oda yenye tarehe imenitoa kitandani mara nyingi kuliko mapenzi ya sanaa. Ila mteja akitaka ile ile ya mwaka jana, nakubali, kisha namwomba nafasi ya kubadili kitu kimoja. Wengi hukubali.

Jioni, usimalize zote. Bakiza moja inayohitaji vidoti tu, tena uiweke mlangoni. Asubuhi utaanza na jambo unalolijua, na kopo likishafunguliwa, ile ngumu iliyo ukutani haitishi sana.