Kuachishwa kazi isivyo halali: maana yake kwa mwajiri na kwa mfanyakazi

Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kumwondoa mtu kazini na bado akashindwa kesi. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kumwachisha mtu kazi kunahitaji vitu viwili kwa pamoja: sababu inayokubalika na utaratibu wa haki. Kikikosekana kimoja, huko ni kuachishwa kazi isivyo halali. Na mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba vyote viwili vilikuwepo ni mwajiri, si mfanyakazi.

Chukua mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hesabu ya mwisho wa mwezi inaonyesha mifuko ya saruji imepungua. Tajiri hasira zinampanda, anapiga simu usiku: "Kesho usije, funguo mwachie mlinzi." Asubuhi jamaa anafika na kukuta mlinzi ana maagizo ya kutomruhusu kuvuka geti. Inawezekana kabisa saruji kaiuza yeye. Lakini hakuna aliyemuuliza, hakuna karatasi, hakuna kikao. Shauri likifika mbele ya mwamuzi, tajiri ataeleza kwa uchungu alivyoibiwa, na swali atakaloulizwa ni jingine: ulimsikiliza lini?

Sababu zinazokubalika si nyingi. Kuna utovu wa nidhamu, ambao ndiyo wizi, ulevi kazini, utoro na mfano wake. Kuna kutomudu kazi, iwe kwa uwezo au kwa afya, pamoja na kushindwa kabisa kuelewana na wenzako kazini. Na kuna mahitaji ya uendeshaji, yaani biashara imeyumba au mashine imechukua nafasi ya mtu. Kwa upande wa nidhamu mwajiri hahitaji ushahidi usioacha shaka kama wa kesi ya jinai. Inatosha aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kosa lilitendeka kuliko kutotendeka. Zipo pia sababu ambazo hazikubaliki hata zikiandikwa kwa lugha tamu: ujauzito, ulemavu, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kukataa kufanya jambo ambalo lenyewe ni kinyume cha sheria.

Kwenye utaratibu ndiko waajiri wanakoumia. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza. Kisha mfanyakazi apewe tuhuma kwa maneno anayoyaelewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu. Kwenye kikao anaruhusiwa kuja na mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama, kuuliza maswali na kuleta mashahidi. Anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Tajiri wetu wa saruji, akiwa ndiye mlalamikaji, ndiye mpelelezi na ndiye mwenyekiti, ameshaharibu kabla hajafungua mdomo. Barua ya kujieleza peke yake haitoshi. Wengi wanaandika "jieleze ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua", wanapokea majibu, wanachapa barua ya kuachisha kazi siku hiyohiyo, na wanaamini wamefuata sheria.

Makosa mengine mawili yanajirudia. Kwanza ni kumsimamisha mtu "mpaka uchunguzi uishe" na kumkatia mshahara. Kanuni zinamruhusu mwajiri kumsimamisha, ila kwa malipo kamili. Pili ni kukimbilia polisi. Mfanyakazi akishafunguliwa mashtaka ya jinai kwa kosa ambalo kimsingi ni lilelile, mwajiri hawezi kumwadhibu wala kumfukuza kwa kosa hilo mpaka mahakama imalize, pamoja na rufaa yake. Tajiri anayedhani kesi ya polisi itamrahisishia kazi anajikuta amejifunga mikono.

Kuachishwa kazi hakuhitaji hata neno "umefukuzwa". Mfanyakazi anayeandika barua ya kujiuzulu kwa sababu maisha ya kazini yamefanywa hayavumiliki, amepokonywa majukumu, anatukanwa mbele ya wateja, mshahara unacheleweshwa kwa makusudi, anaweza kudai kwamba kwa hakika mwajiri ndiye aliyemwondoa. Lazima athibitishe hali hiyo, na si rahisi. Vilevile mkataba wa muda maalumu ukiisha, kwa kawaida umeisha na hakuna cha kulalamikia. Lakini kama mwajiri alimjengea mtu matumaini ya msingi kwamba utahuishwa, kukataa kuuhuisha kunaweza kuhesabiwa ni kumwachisha kazi.

Asiyefikisha miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hii ya kuachishwa isivyo halali. Wanaojua hilo huwabadilisha vibarua kila mwezi wa tano. Kwa maoni yangu hapa sheria imeacha mwanya mpana mno.

Kupunguzwa kazi kuna utaratibu wake: kutoa taarifa ya kusudio mapema, kueleza sababu, kushauriana na chama au wafanyakazi wenyewe juu ya njia za kuepuka upunguzaji na vigezo vya nani aondoke. Mashauriano ya kweli hufanyika kabla ya majina kupangwa.

Sasa upande wa mfanyakazi, ambako adui mkubwa ni kalenda. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, kwa kujaza fomu namba moja ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Watu wanazimaliza siku hizo wakimbembeleza bosi, wakimtuma mzee wa mtaa akawaombee, au wakisubiri "tutakuita". Kuchelewa kunaweza kuombewa kibali, ila utatakiwa kuwa na sababu nzito, na "nilikuwa namsubiri bosi" mara nyingi si mojawapo. Shauri linaanza na usuluhishi. Likishindikana linakwenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Akishinda, anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Sheria ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba kasoro ikiwa ya utaratibu tu, huku sababu ikiwa ya kweli, fidia inaweza kuwa ndogo zaidi. Sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, hivyo soma toleo la sasa kabla ya kupiga hesabu. Kenya mambo yamegeuzwa: sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 imeweka miezi 12 kuwa kikomo cha juu.

Fidia isichanganywe na stahiki za kawaida, ambazo nyingi hudaiwa hata kama uliachishwa kihalali: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na hati ya utumishi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au malipo yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, na aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Mtu wa mshahara wa shilingi 520,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki anahesabiwa 20,000 kwa siku. Miaka mitano inampa 700,000. Wanaotarajia mamilioni kwenye kipengele hiki hushtuka.

Kinachosahaulika zaidi ni nauli. Aliyeajiriwa Mwanza na kuachishwa Dar es Salaam anastahili kusafirishwa na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kulipwa gharama hizo, na kwa siku anazosubiri usafiri huo mwajiri anadaiwa pia gharama za kujikimu. Mwajiri akichelewa, deni linapanda kila siku, na mara nyingine linaipita fidia yenyewe.