Ushirikiano wa utafiti wa ubongo: dhana zinazowaponza vijana

Dhana: "Wao wana mashine na pesa, kazi yetu ni kupeleka sampuli."

Kila msimu wa maombi ya ufadhili nasikia hili, kuhusu washirika wa Ulaya na Marekani, kutoka kwa vijana wenye akili nzuri kabisa, na linanikera, maana anayeliamini amejiondoa kwenye orodha ya waandishi wa makala kabla mradi haujaanza.

Tazameni utafiti wa kifafa wa SEEDS uliochapishwa 2013 katika jarida la Lancet Neurology. Watu zaidi ya laki tano walihojiwa katika maeneo matano: Kilifi (Kenya), Ifakara (Tanzania), Iganga-Mayuge (Uganda), Kintampo (Ghana) na Agincourt (Afrika Kusini). Ulionyesha kuwa kifafa cha degedege kinahusiana na maambukizi ya vimelea. Mashine gani ya London ingeligundua hilo? Mgonjwa wa kifafa hufichwa chumbani, na anayejua namna ya kumuuliza mama mwenye nyumba hadi aseme ni mtu wa hukuhuku. Mwandishi wa kwanza alikuwa Anthony Ngugi, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Kujua swali la kuuliza nako ni mtaji.

Kwa hiyo andikeni mapema, ukurasa mmoja unatosha: nani mwandishi wa kwanza, data itakaa wapi, nani ataichambua, na nani kati yenu atafundishwa uchambuzi huo. Tanzania, sampuli za binadamu hazitoki nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli ulioidhinishwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wengi wanauona kama usumbufu wa makaratasi. Mimi nasema hapo ndipo pa kudai nafasi yenu, kwa sababu sampuli zikishapanda ndege hamna tena cha kujadiliana.

Dhana: "Lazima kwanza niende Ulaya."

Si lazima. Shirika la TReND in Africa lilianza 2011 kufundisha sayansi ya ubongo kwa kutumia inzi wa matunda, Ishaka, Uganda. Shule ya Neuromatch Academy inafundisha sayansi hiyo kwa intaneti tangu 2020, na picha za ubongo zilizo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya OpenNeuro hupakuliwa bure. Anayetaka kwenda aende, ila aende na swali lake.

Dhana: "Mlezi bora wa mtafiti kijana ni profesa maarufu."

Waulize wanafunzi wake wa zamani rasimu zao zilikaa mezani kwake muda gani.

Dhana: "Kimataifa maana yake Ulaya au Marekani."

Kampala na Ibadan ni kimataifa pia. SONA, jumuiya ya wanasayansi wa ubongo Afrika, iliundwa Nairobi 1993. Kabla ya kuandikia Boston, waandikieni hao.