Soba au methadoni? Maswali ya familia zenye mraibu wa unga

Akiacha unga (heroini) ghafla, nini humpata?

Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, humwanza zikishapita saa 8 hadi 12 tangu avute au ajidunge mara ya mwisho: miayo, machozi na makamasi, kisha mifupa kuuma, tumbo kukata, kuhara na kutapika. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki hivi mwili hutulia, ila usingizi mbovu na hamu huweza kukaa miezi. Mpeni maji mengi na ORS. Pombe ni habari nyingine: mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha kuweweseka. Huyo ni wa hospitali, si wa kufungiwa chumbani.

Wiki ikipita, amepona?

Bado. Amevuka arosto tu, na sasa yuko kwenye hatari mpya: mwili umeshasahau unga, kwa hiyo kipimo alichokimudu mwezi uliopita leo kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka soba (nyumba wanakokaa waraibu ili waache) au gerezani huua wengi.

Methadoni si kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine?

Swali hili lina umri wa tiba yenyewe. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964, New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwapa nayo waraibu wa heroini tiba ya kila siku. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza tiba hiyo Februari 2011, na ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014.

Tofauti iko kwenye muda. Heroini huisha baada ya saa chache, hivyo mtu hushinda akitafuta kete. Methadoni ya kunywa humshikilia siku nzima bila kumlewesha, akapata nafasi ya kufanya kazi. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, nayo hupandishwa polepole kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Kwa nini wengine wanakunywa na bado wanavuta?

Mara nyingi dozi ni ndogo. Wengine wanatumia rifampisini ya kifua kikuu, ambayo huiondoa methadoni mwilini haraka na kurudisha arosto. Kliniki ikijua, huongeza dozi. Asichanganye na Valiamu wala pombe, kwani mchanganyiko huo husimamisha pumzi. Na akikosa siku kadhaa mfululizo, asidai dozi yake ya zamani: hupunguzwa kwa usalama wake.

Soba tuichague vipi?

Nendeni mkaione kabla ya kulipa. Ulizeni usajili, nani ana taaluma ya afya, mgonjwa hupelekwa wapi usiku akizidiwa, na kama hupimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Chini ya siku 90 huwa haitoshi. Mkiona minyororo, kipigo, au simu za familia zinazuiwa moja kwa moja, ondokeni naye. Soba inayomlazimisha mtu kuacha methadoni ghafla ndipo aingie, tungeiruka. Swali la mwisho ndilo husahaulika: akitoka, nani atamfuatilia, na kila baada ya siku ngapi?

Tukimkuta amezidisha?

Midomo ya bluu au kijivu, mkoromo mzito, haamki: mlazeni ubavu, mpulizieni pumzi ikikatika, mkimbizeni hospitali apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga. Msimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Hata akizinduka abaki hospitalini, maana naloksoni huisha nguvu mapema, unga ukiwa bado mwilini.