Nyanyua chupa, uchungulie bakuli la dispensa

Dispensa nyingi, zile mashine za maji ya kunywa zinazobeba chupa kubwa juu, ninazoitwa kuzishughulikia hapa Dar es Salaam zimepigwa kitambaa vizuri kwa nje. Mwenye ofisi hunionyesha jinsi zinavyong'aa, husema dada wa usafi huipitia kila asubuhi, kisha huongeza kwamba siku hizi maji yana ladha ya ajabu, na pengine kampuni inayowaletea imeanza kuchakachua. Tukinyanyua chupa, mara nyingi kampuni haina kosa. Bakuli la plastiki linalobeba shingo ya chupa lina mstari mweusi wa vumbi pembeni, sisimizi waliokufa, na ukipitisha kidole unahisi utelezi. Maji yote yanayonywewa kwenye jengo hilo hupita hapo.

Ili ujue kwa nini inakuwa hivyo, kumbuka kwamba maji ya chupa hayana mlinzi. Kiwandani huchujwa, hupitishwa kwenye miale ya urujuanimno au hutiwa ozoni, kisha chupa inafungwa. Ozoni huua vijidudu haraka, lakini haidumu. Baada ya muda mfupi hugeuka kuwa oksijeni ya kawaida. Maji ya bomba, ambayo watu huyakunjia pua, yana klorini inayobaki humo hadi yanafika kwako. Shirika la Afya Duniani linataka kwenye koki ya mteja ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Harufu ile ndiyo dawa yenyewe ikiwa kazini. Maji ya chupa hayana kitu kama hicho, kwa hiyo ukishaondoa kifuniko, kila kijidudu kitakachoingia kitaishi bila kubughudhiwa.

Na vijidudu huingia, kwa sababu ya namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ukikinga glasi moja unasikia chupa inatoa gulugulu. Kiasi cha maji kilichotoka kimejazwa na hewa, na hewa hiyo imetoka chumbani: ina vumbi, mbegu za kuvu, na chochote mtu alichokikohoa pale karibu. Dispensa chache zina kichujio kidogo cha hewa kwenye kiti cha chupa. Hizi za bei ya chini zilizojaa madukani hazina. Mtu akiweka dispensa mlangoni mwa choo, au jikoni karibu na ndoo ya taka, hewa ya choo na ya taka ndiyo inayoingia kwenye chupa yake. Mahali pa kuiweka ni suala la usafi kabla hata hujashika sabuni.

Chini ya bakuli ndiyo kuna mambo. Kuna tangi la stili la maji baridi, mara nyingi la lita 2 hadi 4, na katikati yake imekaa sahani ya plastiki yenye mguu mrefu ulio wazi ndani kama bomba. Sahani hiyo inazuia maji ya juu yasichanganyike na yaliyopozwa chini. Mguu wake unapeleka maji kwenye tangi dogo la moto lililoko chini zaidi, ambalo huchukua kama lita moja. Maji yaliyo juu ya sahani si ya moto wala si baridi. Ni ya uvuguvugu wa Dar, na joto hilo ndilo bakteria hulipenda. Huko ndiko unakoota ukoga: utando wa bakteria walioshikamana na plastiki na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Ni kama ukoga wa meno, kusukutua hakuuondoi, unataka mswaki. Ndiyo maana mtu anayemwaga jiki (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) juu, akasuuza na kufunga, hajafanya kitu. Klorini huishia kwenye ngozi ya utando, na bakteria wa ndani wanabaki.

Wengi wa bakteria hao hawamdhuru mtu mwenye afya. Ila aina kama Pseudomonas aeruginosa, inayopenda sana mabomba na plastiki zenye unyevu, ni hatari kwa mgonjwa, mzee, mtoto mchanga na mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kwa hiyo dispensa ya zahanati au ya nyumba yenye mgonjwa siichukulii sawa na ya gereji.

Sasa watu hujifariji na ubaridi. Tangi la baridi hukaa kwenye nyuzi 5 hadi 10 hivi za Selsiasi. Baridi hiyo inapunguza kasi ya bakteria kuzaliana, haiwaui. Umeme ukikatika nusu siku, maji yanapanda joto na wao wanaendelea walipoishia. Kati ya koki mbili, ya bluu, yaani ya maji baridi, ndiyo ninayoitilia shaka zaidi.

Tangi la moto, likiwa limewashwa muda wote, hujilinda, kwa kuwa linafika nyuzi 85 hadi 95. Lakini angalia nyuma ya dispensa yako sasa hivi. Kwenye ofisi nyingi swichi nyekundu ya kuchemshia imezimwa ili kuokoa umeme, au kwa sababu "joto lenyewe hili nani anakunywa chai". Miezi inapita. Lile tangi la lita moja limejaa maji ya uvuguvugu yaliyokaa gizani, hayachotwi wala hayachemki. Siku mgeni akitaka kahawa, wanawasha dakika 10 na kumhudumia. Kama hutumii moto, mwaga tangi hilo na ulisafishe sawa na la baridi.

Jambo lingine la koki nyekundu, ile ya maji ya moto: usimimine maji mabichi ya kisima kwenye chupa ukitegemea hita iyasafishe. Ukikinga vikombe viwili vitatu mfululizo, maji mapya yanaingia na kuchanganyika na yale ya moto, joto linashuka, na kikombe cha tatu kina maji ambayo hayakukaa kwenye joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Hapa nawaambia hasa kina mama wanaokoroga maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka maji ya kukorogea unga huo yasiwe chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter. Dispensa iliyotoka kuhudumia watu watano huenda isifike hapo. Chemsha kwenye birika, upoze kidogo, ukoroge, kisha upoze maziwa kabla ya kumpa mtoto.

Kazi yenyewe ya kusafisha haihitaji fundi. Chomoa plagi ukutani, siyo kuzima swichi tu, halafu iache mpaka maji ya moto yapoe kabisa. Wanaoungua huungulia hapa, kwa haraka. Ondoa chupa, fungulia koki zote mpaka ziishe, kisha weka beseni nyuma na ufungue kizibo cha chini ili maji yaliyobaki matangini yatoke. Ndani ya kizibo kuna pete ndogo ya silikoni. Itunze, maana ikipotea utaloanisha sakafu nzima. Usiilaze dispensa ubavu ili imwagike haraka. Mafuta ya kompresa, ile pampu ya kupozea, yanahama, na ukiiwasha kabla hayajarudi unaweza kuiua.

Ng'oa bakuli, halafu ile sahani yenye mguu. Huzungushwa kidogo kisha huvutwa juu, na kwa dispensa ambayo haijawahi kufunguliwa itagoma mwanzoni. Igeuze uangalie upande wa chini. Vitu hivi vioshe kwa sabuni ya vyombo na sponji laini, na mguu wa sahani upitishie brashi ya chupa ya mtoto. Tangi nalo lisugue kwa sponji. Stili waya usiilete kabisa: inachora mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba mpya ya ukoga. Suuza mpaka povu liishe.

Hapo ndipo zamu ya jiki inafika, na hapa watu hukosea vipimo pande zote mbili. Tumia isiyo na manukato. Nyingi sokoni zina klorini ya asilimia 3 na nusu au karibu na hapo, soma lebo. Kijiko kimoja kikubwa, yaani mililita 15, kwenye lita 5 za maji safi kinakupa takribani miligramu 100 kwa lita, kiwango kinachotosha kuua vijidudu kwenye chombo kilichokwisha kusuguliwa. Kama yako ina asilimia kubwa zaidi, punguza. Vile vidonge vya kutibu maji ya kunywa, kimoja kwa lita 20, hutoa kama miligramu 2 tu kwa lita. Vinafaa kwa kazi yake, kwa hii havifai. Rudisha sahani, funga kizibo cha chini, jaza matangi yote mawili kwa mchanganyiko huo, na fungulia kila koki kidogo mpaka usikie harufu ya jiki, ili dawa ipite ndani ya koki zenyewe. Subiri dakika 5 hadi 10. Usiiache ilale usiku kucha: klorini inakula stili, na madoa ya kutu utakayoyaona wiki ijayo ni kazi ya mikono yako.

Mwaga yote, suuza kwa maji ya kunywa mara tatu au nne mpaka harufu iishe, kila mara ukipitisha maji kwenye koki. Rudisha kizibo na pete yake, rudisha bakuli, weka chupa, na kabla hujachomeka plagi fungulia koki nyekundu mpaka maji yatoke mfululizo. Hii usiiruke. Hita ikiwaka tangi likiwa tupu inaungua, na bei ya hita mpya itakukumbusha.

Wa Dodoma na kwingine kwenye maji ya chumvi na chokaa, kama mnajaza chupa kwa maji ya kisima yaliyochemshwa, mtakuta magamba meupe kwenye tangi la moto. Hayo hutoka kwa siki nyeupe iliyozimuliwa au asidi ya sitriki, ikae saa moja hivi, kisha suuza sana. Siki na jiki zisikutane hata kidogo, zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ikibidi zote, fanya siku tofauti. Na wa Arusha, ambako maji mengi yana floridi nyingi, dispensa haiondoi floridi, iwe ya moto au baridi. Kuchemsha nako hakuiondoi.

Kilichobaki ni vya kila siku. Ncha ya koki ndiyo inayoguswa na midomo ya chupa za watu. Mtu ameinywea chupa yake asubuhi nzima, anakuja kuijaza, anaisukumia koki ndani ya mdomo wa chupa. Ncha ifutwe kila siku kwa kitambaa safi chenye mchanganyiko wa jiki, kisha maji safi, na kitambaa hicho kisiwe kile cha kufutia meza. Trei ya matone imwagwe na ikaushwe. Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, hutaga kwenye maji kidogo tu yaliyotulia ndani ya nyumba, na yai lake huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Ofisi inapuliza dawa kila kona, trei imejaa viluwiluwi.

Chupa nayo ina safari ndefu kabla ya kukufikia: imekaa juani nje ya duka, imefungwa kwenye bodaboda, imeshikwa shingoni na kupandishwa ngazi. Shingo hiyohiyo inazama ndani ya bakuli lako. Osha mikono, futa shingo na kifuniko kwa maji ya jiki kabla ya kubandua stika. Kama dispensa yako ina mchomo wa katikati, yaani ncha ya plastiki inayotoboa kifuniko, usitoe kifuniko chote, acha mchomo ujitobolee. Chupa yenye rangi ya kijani ndani imeota mwani kwa sababu ya jua, irudishe. Yenye ufa hata mwembamba irudishe pia: hewa ikiingia juu, maji yanashuka bila kizuizi na kufurika kwenye bakuli.

Maelekezo ya watengenezaji wengi husema kusafisha kila miezi 3 hadi 6. Kwa joto na vumbi letu mimi nasema kila miezi miwili, na kila baada ya likizo ndefu. Zile zinazowekewa chupa chini zina mpira mrefu na pampu ambavyo brashi haifiki, kwa hiyo ukoga humo huachwa utawale; mpira wa namna hiyo ni bora ubadilishwe kuliko kuoshwa. Andika tarehe kwa maka pen ubavuni mwa mashine, mahali ambapo wanaokunywa wanaiona.

Ukiita fundi, mwambie aitoe ile sahani mbele yako. Akianza kuzungumzia kujaza gesi ya kupozea kabla hajanyanyua chupa, mlipe nauli aende.